Kioo Kilichooshwa kwa Majivu

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti upande ambao taa haikupigi machoni, kwa sababu jambo ninalotaka kukueleza linahitaji macho yaliyozoea giza. Usihofu kwamba hukusoma sana. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita katika shule ya misheni, na haya yote niliyajua kwa kuambiwa polepole na kwa kukosea. Ukipotea njiani, rudi nyuma kidogo, utanikuta nakungoja.

Tuanze na mbingu. Usiku usio na mwezi, mahali pasipo na taa, unaona nyota, na kati ya nyota unaona weusi. Weusi ule si mtupu wote. Humo mna mawingu, si haya ya mvua, bali ya hewa na vumbi, makubwa kupita unavyoweza kuwaza, na yako mbali mno. Wasomi huyaita nebula. Sisi shambani tuliyaita mawingu makavu, kwa kuwa hayajawahi kumnyeshea mtu. Mengi jicho haliyaoni kabisa. Kioo cha picha kinayaona, na sababu yake ni rahisi. Jicho husahau, mwanga ulioingia sasa hivi hauwekwi akiba kungojea utakaofuata. Kioo kilichopakwa dawa hakisahau. Ukikiacha wazi saa moja kinakusanya mwanga wa saa moja, kama debe lililowekwa chini ya paa linalovuja. Tone ni dogo, lakini asubuhi debe limejaa.

Kukinga matone hayo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kabla ya vita vya pili, juu ya Endebess, pale mashamba ya mahindi yanapoishia na msitu wa mlima unapoanza. Kabla ya hapo nilifanya kazi Kitale kwa fundi wa picha, Mhindi mmoja mpole. Wateja wengine hawakurudi kuchukua picha zao, na vioo vyao vilirundikana. Mimi nilivisafisha ili vitumike tena: maji ya moto, majivu, na kusugua kwa kigunzi cha mahindi. Dawa ya picha inakataa kwanza, halafu inabanduka yote. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilipooa nilijisifu nayo kwa mke wangu, nikamwonyesha kwa mikono jinsi kigunzi kinavyozungushwa. Likumbuke hilo. Tutalirudia.

Siku moja Mzungu mmoja wa Endebess alikuja dukani kununua vioo, akauliza ni nani anayevisafisha hivi, akanichukua. Alikuwa mpima ardhi mstaafu asiye na mke wala mtoto, nasi tulimwita Bwana. Alijenga kibanda cha mbao chenye paa linalosukumwa pembeni juu ya reli, na ndani yake akaweka darubini, na mgongoni mwa darubini kamera yenye lenzi pana. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Ndiyo maana alinihitaji.

Nikueleze kazi yenyewe. Nyota zinatembea, mashariki kwenda magharibi, na darubini lazima izifuate, ama sivyo picha itakuwa mikwaruzo. Kulikuwa na mtambo kama wa saa ulioendeshwa na jiwe zito lililoshuka kwa mnyororo. Lakini hakuna mtambo ulio sawasawa. Kwa hiyo mtu hukaa na jicho lake kwenye darubini akitazama nyota moja iliyowekwa pale nyuzi mbili zinapokatana. Nyuzi hizo zilikuwa za buibui. Mimi ndiye niliyezitafuta ghalani na kuzinyoosha. Nyota ikitoka kwenye makutano kwa upana wa uzi, unazungusha gurudumu dogo na kuirudisha. Saa nne kwa usiku mmoja, bila kukohoa. Kisha unafunika kioo, unakilaza kwenye kasha lake mchana kutwa, na usiku wa pili unakifunua tena mahali palepale. Siku tatu kwa kioo kimoja.

Kuiamsha picha, yaani kukilaza kioo katika beseni la dawa mpaka kilichokusanywa kijitokeze, kulifanyika gizani kabisa, hata taa nyekundu hapana, nami nilipima muda kwa wimbo wa kanisani wenye beti sita. Niliuimba mara tatu, si haraka, si polepole, huku nikitikisa beseni.

Mchunga ng'ombe wa shamba, Msabaoti kutoka upande wa Kapsokwony, alinikuta kila alfajiri nikitoka kibandani na macho mekundu.

"Mlinzi wa mbingu!" aliniita. "Leo wamekuibia ngapi?"

"Zote zipo. Nimehesabu."

"Hesabu tena. Ile ya pembeni jana usiku niliiona inatoroka na mume wa mtu."

Sasa shika hili: kwenye kioo kila kitu kimegeuzwa. Nyota ni vitone vyeusi, weusi wa mbingu ni kioo kitupu, na wingu kavu ni moshi wa kijivu. Asiyeambiwa ataona kioo kichafu tu.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, tulielekeza kamera kusini ya ile nyota inayong'aa kuliko zote. Nilipoinua kioo kikavu dirishani nikaona upinde wa kijivu, mwembamba kama moshi wa sigara, ukipita katikati ya vitone. Haukuwamo katika michoro yoyote ya Bwana. Nikampelekea. Alikitazama kwa kioo cha kukuza mpaka chai ikapoa.

"Hii hapana wingu," akasema. "Hii maji. Wewe hapana kausha muzuri."

"Bwana, doa la maji lina ukingo, kama chumvi kwenye shati lililokaukiwa na jasho. Huu hauna ukingo."

Akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Basi piga ingine. Kama iko mbili, mimi nakubali. Kama iko moja, ni maji." Akafikiri. "Kama iko mbili, tutaandika jina yako."

Ile kanuni ya vioo viwili ilikuwa ya haki, na mpaka leo naifundisha kwa yeyote anayeniuliza. Na kuhusu jina, nisikufiche. Jina langu wakati ule liliandikwa mahali pawili: kwenye kipande, kile cheti cha kazi nilichoning'iniza shingoni, na kwenye daftari la shamba kati ya majina ya wapalilizi. Nilitaka liandikwe mara moja tu karibu na kitu ambacho macho yangu yalikiona kabla ya macho ya mtu mwingine. Nililitaka hilo kwa njaa ambayo sikumwambia mtu.

Mvua ikaingia. Kiangazi kilichofuata Bwana akaugua kifua, akapelekwa Nairobi pamoja na sanduku la karatasi zake na kile kioo cha kwanza. Katika boksi kulikuwa kumebaki kioo kipya kimoja. Nilikitumia. Usiku wa pili watu wa bondeni walichoma mabua, moshi ukapanda, nikafunika kioo nikangoja upite, nikafunua tena. Usiku wa tatu baridi ilinikaza vidole hata nikalizungusha gurudumu kwa viganja. Nikaimba beti zangu gizani. Asubuhi nikainua kioo. Upinde ulikuwapo. Mahali palepale, kwa kujikunja kulekule.

Niliinuka nikakaa, nikainuka nikakaa. Hapakuwa na wa kumwambia isipokuwa mchunga ng'ombe. Nilimwonyesha, nikamweleza kwa zaidi ya saa moja mpaka akauona, na akaniambia, "Kweli. Ni kama njia ya ng'ombe kwenye umande." Ndivyo ulivyokuwa hasa.

Wiki ile meneja mpya wa shamba akaamua kibanda kiwe nyumba ya vifaranga. Aliviona vioo vya zamani kwenye rafu akasema vitafaa kwa madirisha. Vioo vya miaka minne vikaenda hivyo. Changu nilikitia kati ya mbao mbili nyembamba, nikakifunga kwa pamba na kitambaa, nikakitia kifuani chini ya koti. Jumamosi jioni nikapanda baiskeli kwenda kwetu Kabuchai. Nilifika usiku mkubwa.

Hapa nikuombe usikilize kwa makini, kwa sababu kosa lote liko hapa.

Tulipofunga ndoa, yule fundi wa Kitale alitupiga picha bure. Fremu niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za boksi la vioo, kwa hiyo ilitoshea kioo cha aina ile barabara. Lakini kioo chenyewe sikukitia. Picha ikaning'inia wazi, moshi wa jikoni ukaifikia, nzi wakatua juu yake. Miaka miwili mke wangu aliniuliza kila nilipokuja nyumbani, "Kioo changu kiko wapi?" Nami miaka miwili nilimjibu, "Kinakuja."

Usiku ule aliwasha kibatari akanifungulia.

"Umekula, baba mtoto?"

"Nimechoka. Hiki kiweke sandukuni, kiweke vizuri."

"Ni nini?"

"Kioo."

Nikalala. Kabla hakujapambazuka nikaondoka.

Neno moja. Mimi niliyemweleza mchunga ng'ombe saa nzima, niliyewaeleza watoto wa nyapara kwa nini mwezi unapungua, niliyemweleza hata mpishi wa Bwana ambaye hakutaka kujua. Mke wangu nilimpa neno moja. Nilijiambia ni uchovu. Haukuwa uchovu peke yake. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mambo ya mlimani ni ya mlimani, na ya nyumbani ni unga, karo na chumvi.

Mwezi wa nne, mvua imeshika, barua ya Bwana ikafika, jibu la ile niliyomwandikia Nairobi kwamba sasa viko viwili. Amerudi, yuko Kitale kwa rafiki yake. Kuna mgeni, msomi anayetunza darubini kubwa huko kusini. Ijumaa mchana atapanda gari la moshi. Nilete kioo cha pili stesheni. Viwili vikilingana, mgeni ataandika, na majina yatakuwa mawili.

Barua niliipata Jumatano. Alhamisi nikaendesha baiskeli katika matope mpaka Kabuchai.

Nyumba ilikuwa imejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa na zamu ya kukutana kwetu, wanakunywa chai. Ukutani, mbele ya kila mtu, picha yetu ya ndoa ilikuwa inang'aa.

Shangazi yangu aliniona mlangoni akapiga makofi. "Karibu, mwanangu! Kumbe ulikuwa na sura? Kwa moshi ule sisi tulidhani huyu binti ameolewa na chungu!"

Wakacheka wote. Mke wangu alicheka kuliko wote. Alikuja akaninong'oneza, lakini kwa furaha hata kila mtu akasikia.

"Si ulikileta bila kusema! Kilikuwa kichafu ajabu, ati kama nzi wa lokesheni nzima wamekaa juu yake. Lakini nilifanya ulivyonionyesha. Maji ya moto, majivu, kigunzi. Kilikataa mwanzo. Halafu uchafu ukabanduka wote, kama utando wa maziwa."

Nilisogea ukutani. Nilimwona kijana mwenye tai ya kuazima na msichana aliyeshika maua ya karatasi. Kati yangu na wao kulikuwa na kioo kisicho na kitu.

"Kimependeza," nikasema.

Nikakaa, nikanywa chai.

Jogoo wa kwanza alinikuta nimeshaondoka. Katika stesheni ya Kitale, mgeni alikuwa amesimama karibu na behewa, mrefu, na kofia mkononi. Bwana alikuwa amekonda sana. Mgeni alikuwa ameshika kioo cha kwanza kwa kingo zake, anavyoshika mtu anayejua, akikiinua kuelekea mawinguni.

"Ingine iko wapi?" Bwana akaniuliza.

Ningesema kweli? Ungenishauri hivyo, na ungekuwa na haki. Lakini nilisikia kichwani jinsi kisa kile kingesimuliwa mezani kwa Wazungu jioni ile, mke wa Mwafrika aliyeosha nyota kwa majivu, na kicheko kitakachofuata. Sikuweza kumtoa mke wangu achekwe. Wala, nikiri, sikuweza kujitoa mimi.

"Imevunjika, Bwana. Nilianguka na baiskeli."

Bwana akamtafsiria mgeni. Mgeni hakuonyesha hasira wala kuvunjika moyo. Akasema jambo kwa upole, na uso wa Bwana ukachangamka.

"Hapana neno! Yeye nasema leta vipande. Kipande kidogo tu natosha."

Sikuwa na kipande. Nilisimama pale nikitazama matope kwenye viatu vyangu. Bwana alingoja. Kisha nikaona wazo likimwingia na kukaa.

"Vipande iko wapi?"

"Nilivitupa."

"Wewe? Natupa?" Alijua kwamba hata vioo vilivyoharibika nilikuwa navihifadhi. Akatikisa kichwa polepole. "Ingine hapana kuwako," akasema. Hakupaza sauti. "Hapana kuwako hata kidogo."

Mgeni alitoa penseli akaandika neno moja juu ya bahasha ya kioo cha kwanza. Kiingereza changu kilitosha kulisoma. Aliandika doa.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha, nikarudi Endebess kuchukua blanketi langu na sufuria. Mchunga ng'ombe alikuwa langoni.

"Mlinzi wa mbingu! Wamekuibia ngapi leo?"

"Moja."

Akaanza kucheka, kisha akaacha. Akanisaidia kufunga mzigo kwenye baiskeli. Alikuwa shahidi wangu wa pekee duniani, mtu aliyekiona kioo kile kwa macho yake, na hakuna ambaye angemuuliza.

Bwana aliiuza darubini mwaka huohuo. Mimi nikapata ukarani Bungoma, kazi ya mchana, nikaishi kama watu wanavyoishi. Picha ikabaki ukutani. Nilikula chini yake miaka mingi. Kila mgeni aliisifia, na kila aliposifia mke wangu alieleza jinsi alivyokiosha kile kioo, nami nikatabasamu. Nilidhani kunyamaza kwangu ni upendo. Nilijihesabia wema kwa ajili yake.

Vita vilikwisha, watoto wakakua. Mwaka mmoja mwalimu wa mwanangu, akijua ugonjwa wangu wa nyota, akaniazima gazeti la wasomi lenye picha za mbinguni. Nikafungua ukurasa nikauona upinde. Kusini ya nyota ing'aayo kuliko zote, kwa kujikunja kulekule. Umepigwa picha na watu wa nchi ya mbali ya kusini, na gazeti likasema ni jambo jipya. Jina lililoandikwa chini halikuwa langu. Sina kesi na mwenye jina. Yeye alikuwa na vioo viwili.

Jioni ile nilimwita mke wangu, nikaweka gazeti mezani, na hatimaye nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, kuanzia debe chini ya paa linalovuja. Alielewa upesi kuliko mchunga ng'ombe. Alielewa kabla sijamaliza, kwa maana nilimwona akigeuza uso kuelekea ukutani wakati bado niko kwenye buibui.

"Ndicho kile?" akauliza.

"Ndicho."

Maharagwe yakaanza kuungua, wala hakuinuka.

"Wageni wangapi," akasema, "nimewasimulia jinsi nilivyokiosha? Na wewe umekaa hapo hapo, unatabasamu. Miaka yote hii umenifanya mjinga kwenye ukuta wangu mwenyewe."

"Sikutaka uumie, mama watoto."

"Ungeniumiza siku ile, ningepona. Neno moja usiku ule, nisingekigusa. Ulifikiri nitakataa kuelewa?"

Alishusha fremu, akang'oa misumari kwa ncha ya kisu, akatoa kioo, akanipa. "Chukua kioo chako. Picha yangu imeshazoea moshi." Nilinunua kioo kingine mjini. Hakukubali kitiwe. Picha iko wazi ukutani, na sura zetu zinafifia, yake na yangu.

Nilipokipeleka dirishani kile alichonipa, niligundua jambo ambalo lingenisaidia stesheni Kitale kama ningesema kweli na kuomba muda wa kukileta. Kwenye kona moja kigunzi hakikufika vizuri. Pamebaki ngozi ya dawa upana wa ukucha, na ndani yake vitone vitatu vyeusi. Upinde haumo. Lakini vitone vile vingelinganishwa na vya kioo cha kwanza, na mgeni angejua kwamba kioo cha pili kilikuwako. Huenda angengoja kiangazi kingine. Kipande kidogo tu, alisema. Nilikuwa nacho, kinaning'inia ukutani, nami nikasema nimekitupa.

Siku hizi watu wanapofungua masanduku ya wazee waliofariki, mara nyingine hukuta vioo vya namna ile vimefungwa kwa magazeti. Ukikikuta kimoja, kishike kwa kingo zake tu. Usikitie maji, usikifute hata kwa kitambaa. Kiinue dirishani mchana, weka karatasi nyeupe nyuma yake, ukitazame kwa utaratibu kutoka kona hadi kona. Kisha mwite mtu wa nyumbani kwako aje, umweleze unachokiona, na usikirudishe sandukuni mpaka naye amekiona.